Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (18 Machi 1858 – 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi Mjerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini ya dizeli, iliyopewa jina lake. Katika Kiswahili jina lake la ukoo limekuwa pia jina la mafuta, ingawa injini yake ya kwanza ilijaribiwa kwa petroli, na ile iliyofanikiwa ilitumia mafuta ya taa.

Utoto na elimu

Diesel alizaliwa mjini Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Bavaria, na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1870 vita ilianza kati ya Ufaransa na Prussia, na familia ililazimika kuhamia London kwa sababu ya asili yao ya Kijerumani. Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alitumwa Augsburg kwa shangazi yake, ambaye mume wake alikuwa mwalimu wa hisabati. Huko aliamua kuwa mhandisi.

Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma kwenye chuo cha ufundi cha München. Wazazi wake hawakufurahi. Walitaka aanze kazi na kuleta pesa nyumbani. Mwalimu wake muhimu zaidi alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza baridi. Diesel aliugua homa ya matumbo wakati wa mtihani wa mwisho, akaufanya Januari 1880 na kupata alama za juu sana. Baadaye alifanya kazi katika biashara ya Linde ya mashine za barafu mjini Paris, kisha Berlin tangu 1890. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu.

Wazo la injini

Wakati ule viwanda vilitegemea injini za mvuke, ambazo zilipoteza sehemu kubwa ya joto la makaa bila kufanya kazi yoyote. Diesel alitafuta njia ya kupunguza hasara hiyo. Wazo lake lilikuwa kushindilia hewa tupu ndani ya silinda hadi iwe na joto kali sana. Pistoni inapokaribia kufika juu kabisa, mafuta yanaingizwa na kuwaka yenyewe bila cheche ya plagi. Mtu aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono amehisi jinsi pampu inavyopata joto. Kanuni ni ileile.

Hapa kuna jambo linaloeleza shida nyingi zilizofuata. Kwa kuwa hakuna cheche, mwako unategemea wakati mafuta yanapoingia. Yakiingia mapema mno injini inagonga. Yakichelewa inakosa nguvu na kutoa moshi. Mafundi wa leo huita jambo hilo taimingi.

Diesel alipewa hataza ya Ujerumani mwaka 1893, akatoa pia kitabu kuhusu nadharia yake. Hata hivyo hesabu zake za kwanza zilidai shinikizo ambalo hakuna mashine ya wakati ule ingelistahimili. Alitambua hilo mapema, akabadilisha mpango wake na kuomba hataza ya pili. Wapinzani wake walitumia badiliko hilo dhidi yake kwa miaka mingi. Wengine walidai kwamba sifa ilimstahili Mwingereza Herbert Akroyd Stuart, aliyepata hataza ya injini ya mafuta mwaka 1890. Lakini injini ya Stuart ilihitaji sehemu ya silinda iliyopashwa moto kutoka nje kabla ya kuwashwa, kwa hiyo madai hayo hayana uzito mkubwa.

Miaka ya majaribio

Kiwanda cha mashine cha Augsburg chini ya Heinrich von Buz kilikubali kujenga injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ilichangia gharama. Tarehe 10 Agosti 1893 mafuta yaliwaka kwa mara ya kwanza, na kifaa cha kupima shinikizo kililipuka. Injini haikuweza kujiendesha. Diesel na wasaidizi wake waliifungua, wakabadilisha sehemu, wakaifunga tena. Tarehe 17 Februari 1894 ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa takriban dakika moja, mizunguko 88.

Shida kubwa ilikuwa namna ya kuingiza mafuta. Diesel alitaka kuyasukuma moja kwa moja kwa pampu, lakini hakukuwa na pampu ya kufaa. Alilazimika kuyapuliza kwa hewa iliyoshindiliwa, na hiyo ilidai kompresa ya pembeni. Injini ikawa nzito.

Tarehe 17 Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa München alipima injini mpya. Ilitoa nguvu ya farasi karibu 18 na kugeuza asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiasi ambacho injini za mvuke hazikukikaribia.

Utajiri na matatizo

Makampuni ya nchi mbalimbali yalinunua leseni haraka. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia huko Marekani, alinunua haki za nchi yake. Diesel akawa milionea, lakini injini haikuwa tayari kwa soko. Ile iliyopelekwa mwaka 1898 kwenye kiwanda cha viberiti mjini Kempten iliharibika mara kwa mara, na wahandisi walikaa huko muda mrefu wakitafuta kasoro, hasa kwenye kifaa cha kupulizia mafuta. Kampuni iliyoanzishwa Augsburg kwa jina la Diesel haikufanikiwa. Yeye mwenyewe alichoka hadi akalazwa kwa ajili ya matatizo ya neva. Fedha zake nyingi zilipotea katika kesi za hataza na biashara ya viwanja.

Injini yenyewe iliendelea kuboreshwa. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa sababu serikali ya Ufaransa ilifikiria makoloni yake ya Afrika yenye karanga nyingi. Mwaka 1912 meli ya Denmark Selandia ilivuka bahari kwa injini za dizeli.

Kifo

Jioni ya 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden huko Antwerp akielekea Uingereza. Baada ya chakula aliingia chumbani, akaomba aamshwe asubuhi. Asubuhi chumba kilikuwa kitupu na kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa karibu na ukingo wa meli. Siku kadhaa baadaye mabaharia Waholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vilivyokuwa mfukoni na kuiacha maiti majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo.

Magazeti yalizungumzia uuaji wa majasusi, lakini ushahidi haujapatikana. Kabla ya safari alimwachia mke wake mkoba wenye pesa taslimu na karatasi zilizoonyesha kwamba akaunti zake zilikuwa karibu tupu. Katika shajara yake alikuwa ameweka alama ya msalaba kwenye tarehe hiyo. Wengi huona kwamba alijiua.

Dizeli kwenye magari

Diesel hakuona gari dogo likiendeshwa kwa injini yake. Hilo liliwezekana baada ya Robert Bosch kuanza kutengeneza kwa wingi pampu ya mafuta mwaka 1927. Mercedes-Benz 260 D ilionyeshwa mwaka 1936. Katika magari kama Volkswagen Golf ya dizeli ya mwaka 1976, mkanda wa mpira wenye meno huzungusha kemshafti pamoja na pampu ya mafuta. Baada ya kufunga mkanda mpya, gari likiwa gumu kuwaka, likigonga au kutoa moshi mwingi, fundi huanza kwa kulinganisha alama za krenki, kemshafti na pampu, kwa sababu kuruka jino moja tu hubadilisha taimingi. Huzungusha injini mizunguko miwili kamili kwa mkono kabla ya kuiwasha, maana nafasi kati ya pistoni na valvu ni ndogo sana pistoni ikiwa juu. Nafasi hiyo ni finyu kwa sababu ya mshindilio mkubwa ambao Diesel alihitaji ili mafuta yawake yenyewe.