Ibn al-Nafis: Faqihi Aliyeijua Njia ya Damu

Kila mwaka wako vijana wetu wa Mombasa wanaoingia katika vyuo vya utabibu, na katika masomo ya kwanza wanayokutana nayo ni ilimu ya viungo vya mwili na kazi zake: mifupa na misuli, moyo na mapafu, figo, ini na ubongo. Kitabu cha somo hili ni kizito, na majina yake mengi ni mageni. Lakini uzito wa kitabu hushindwa kwa bidii. Lililo zito zaidi ni lile neno linalosemwa barazani, na mara nyengine hata majumbani, kwamba ilimu hii ni mali ya watu wengine. Kwamba mwenye kusoma fiqhi hana haja nayo, na mwenye kuisoma hana tena fungu katika ilimu ya dini. Neno kama hili laweza kumvunja kijana moyo kabla hajalifungua somo lenyewe. Nasi twaona kwamba jawabu yake bora si mabishano, bali ni khabari ya mtu mmoja wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Jina lake ni Ala al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qurashi, na mashuhuri yake ni Ibn al-Nafis. Alizaliwa katika nchi ya Sham, upande wa Damascus, karibu na mwaka 607 wa Hijra, yaani kiasi cha mwaka 1210 wa Miladia. Zama zake hazikuwa za raha. Vita vya Msalaba vilikuwa havijesha, na mwaka 1258, naye ni mtu mzima, Wamongoli waliuvunja mji wa Baghdad. Juu ya misukosuko hiyo milango ya ilimu katika Damascus na Cairo haikufungwa, wala wanavyuoni hawakuingoja amani ndipo wasome.

Utabibu aliusoma Damascus, katika hospitali ya Nuri, iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zangi mwaka 1154. Hospitali za zama hizo zilikuwa pia vyuo. Mwalimu akipita kitanda kwa kitanda na wanafunzi nyuma yake, akiwauliza dalili za ugonjwa na kuwafahamisha dawa, kisha wakaketi kusoma vitabu. Mwalimu wake mkubwa alikuwa al-Dakhwar, tabibu aliyesifika sana Sham, aliyefariki mwaka 1230. Baadaye Ibn al-Nafis alihamia Misri, na huko Cairo ndiko alikoishi mpaka mwisho wa umri wake. Alipanda cheo hata akawa mkuu wa matabibu wa Misri.

Lakini huyu tabibu mkuu alikuwa pia mwalimu wa fiqhi ya Shafi katika madrasa ya Masruriyya mjini Cairo. Alitunga kitabu katika misingi ya ilimu ya hadithi, na kingine katika sira ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Imamu Taj al-Din al-Subki, alipoyakusanya maisha ya wanavyuoni wa Kishafi, alimtia na yeye katika safu yao. Basi hawa wasemao kwamba fiqhi na utabibu ni nyumba mbili zisizotazamana, na wamweke wapi mtu huyu?

Sasa tuingie katika jambo lililomfanya akumbukwe. Katika karne ya pili ya Miladia alikuwako tabibu wa Kiyunani aitwaye Jalinus, ambaye Wazungu humwita Galen. Jalinus alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, kisha baadhi yake huingia upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo hupenya hata upande wa kushoto kwa vitundu vidogo visivyoonekana, vilivyomo katika kiambaza kinachotenga pande mbili hizo. Fundisho hili lilishikwa kwa zaidi ya miaka elfu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilifuata katika kitabu chake cha Qanun, na Qanun ndicho kilichokuwa kitabu kikuu cha utabibu Mashariki, kisha na Ulaya. Nani basi angethubutu kuuliza viko wapi vitundu hivyo?

Ibn al-Nafis aliuliza. Katika sherehe yake ya sehemu za Qanun zinazohusu viungo vya mwili, aliyoiandika yapata mwaka 1242 akiwa kijana wa kiasi cha miaka thalathini, alieleza kwamba kiambaza hicho ni kinene na kimeshikana, hakina vitundu vya kuonekana wala visivyoonekana. Ikiwa hapana njia hapo, basi damu yapita wapi? Alijibu kwamba hutoka upande wa kulia wa moyo kwa mshipa mkubwa uendao mapafuni, huko huenea na kuchanganyika na hewa, kisha hurejea kwa mshipa mwengine hata upande wa kushoto wa moyo. Tena alitazama umbo la mishipa miwili hiyo, mmoja wenye ukuta mnene na mmoja wenye ukuta mwembamba, akasema kwamba kila umbo lina kazi yake: ule mnene hauachi kupita ila kilicho laini, na ule mwembamba hukipokea kwa wepesi. Alisema pia kwamba moyo una vyumba viwili vikubwa vya damu, si vitatu kama ilivyosemwa katika Qanun, na kwamba moyo hulishwa na mishipa iliyomo katika mwili wake wenyewe, si kwa damu iliyomo vyumbani mwake.

Mwenye shaka na asende mbali. Na aende Marikiti, anunue moyo wa mbuzi kwa muuza nyama, aupasue kwa kisu kikali. Ataviona vyumba viwili vya chini, na kati yao nyama nene iliyoshikana. Na autazame upande wa kushoto, auone jinsi ukuta wake ulivyo mnene kuliko wa kulia. Kwa sababu wa kulia kazi yake ni kuipeleka damu mapafuni tu, nayo ni safari fupi, na wa kushoto huisukuma kutoka utosini hata nyayoni. Vitundu vya Jalinus atavitafuta asivione. Somo hilo latutosha kwa bei ya kitoweo, na bado kitoweo chalika.

Ilimu ya leo imemthibitisha. Ibn al-Nafis alidhani kwamba ndani ya mapafu ziko njia nyembamba zinazoiunganisha mishipa miwili ile. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia alitia pafu la chura chini ya hadubini, akaiona mishipa myembamba kama nywele, ambayo wanafunzi leo huiita kapilari. Humo ndimo damu inapoacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita tano za damu kwa dakika, nao hupiga kama mara 100,000 kwa siku moja. Na damu yote hiyo hupita mapafuni kabla ya kurejea mwilini, kwa njia ile ile aliyoieleza faqihi wetu.

Hata hivyo hatupendi kumvika mtu kanzu isiyokuwa yake. Hii ni kasoro tuliyo nayo, kwamba tukimsifu mtu wetu twamzidishia hata wasomi wa kweli wakatucheka. Ibn al-Nafis hakuijua njia yote ya damu mwilini. Yeye alieleza sehemu ya moyo na mapafu. Mzunguko mzima ulithibitishwa na William Harvey wa Uingereza katika kitabu chake cha mwaka 1628. Wala Ibn al-Nafis hakutoka katika dhana zote za zamani, kwani aliendelea kuamini kama waliomtangulia kwamba roho ya uhai huzaliwa katika upande wa kushoto wa moyo. Na katika kupasua maiti, yeye mwenyewe alieleza kwamba sharia na huruma aliyoumbwa nayo vilimzuia. Ingawa wanavyuoni wa leo hukhitilafiana juu ya neno hilo, kwa jinsi alivyoutaja upasuaji kuwa ni hoja dhidi ya Jalinus. Sifa hizi, na mipaka yake, zatosha.

Na adabu yake katika kupinga ni somo jengine. Hakumtukana Ibn Sina wala hakukitupa kitabu chake. Kinyume cha hayo alikisherehesha, akakifupisha kwa kitabu cha Mujaz, ambacho matabibu wa Mashariki walikitumia kwa karne nyingi. Alimheshimu mwenye kitabu, lakini hakuifanya heshima kuwa ni dalili. Hivi ndivyo afanyavyo faqihi mwema katika masuala ya fiqhi: huipokea kauli ya mkubwa kwa adabu, kisha akauliza imesimama juu ya nini. Twaamini kwamba mazoea yale ya darasa la fiqhi yalimfaa alipouelekea moyo wa binadamu.

Sasa lipo jambo la kusikitisha. Mwaka 1553 Miguel Servet wa Uhispania aliandika juu ya njia hii ya damu mapafuni, na mwaka 1559 kitabu cha Realdo Colombo wa Italia kikaieleza tena, na ulimwengu ukawapa wao fadhila ya kutangulia. Huku kwetu sherehe ya Ibn al-Nafis ilikuwako, imeandikwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wanavyuoni wetu waisoma tangu utotoni. Lakini habari ya ugunduzi wake ilikuwa imesahauliwa. Mpaka mwaka 1924 ndipo tabibu wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Freiburg, Ujerumani, alipoisoma nakala iliyokuwa Berlin na kuidhihirisha khabari hii. Kisha Max Meyerhof, tabibu wa Kijerumani aliyekaa Cairo, akaieneza kwa wasomi. Mwaka huo huo wa 1924 ndio iliyoanza shule ya utabibu ya Mulago, Uganda, ambako vijana wa Afrika Mashariki walikuja kusoma viungo vya mwili. Walikuwa wakijifunza njia ya damu wasijue kwamba wa kwanza kuieleza alikuwa mwalimu wa fiqhi ya Shafi. Kitabu hakikuibiwa. Kilikosa msomaji.

Khabari zake nyengine zatuonyesha jinsi alivyoishi na ilimu. Husimuliwa kwamba alipoandika aliwekewa kalamu zilizokwisha kuchongwa, akaandika mfululizo kutoka kichwani mwake bila kurejea kitabu, na kalamu ikiwa butu aliitupa akashika nyengine. Siku moja yumo hamamuni katikati ya kuoga, fikra ikamjia. Akatoka, akataka wino na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa hata akaimaliza, ndipo akarudi kuoga. Kitabu chake kikubwa, al-Shamil, alikikusudia kiwe juzuu 300, akawahi kusafisha 80.

Alifariki Cairo mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 687, sawa na Desemba 1288, baada ya kuugua siku chache. Katika maradhi yake matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo kuwa dawa, akakataa, kwa kuwa hakupenda kukutana na Mola wake na kitu hicho kimo mwilini mwake. Nyumba yake na vitabu vyake aliviweka wakfu kwa hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun, ili wagonjwa na wanafunzi wanufaike.

Basi kijana wetu wa kiume au wa kike anapokifungua kitabu cha viungo vya mwili akafika mlango wa moyo na mapafu, na ajue kwamba hakuingia nyumba ya ugenini. Na sisi wazee wake tusimzuie mlangoni. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis, na atujaalie tuwe wasomaji wa vitabu, si walinzi wa makabati.