Isaac Newton na Kilo ya Nyama

Jumamosi moja nilikuwa Kenyatta Market, pale penye bucha na meko ya nyama choma, nikingoja kilo yangu ya mbuzi. Mbele yangu bwana mmoja alikuwa akizozana na mwenye bucha. Nyama ilining'inia kwenye ndoano ya mizani ya springi, mshale umesimama, naye ameshikilia kwamba amepunjwa. Nikamkumbuka marehemu Isaac Newton, maana ndiye aliyetueleza ni kitu gani kinachoivuta springi ile.

Newton alizaliwa Krismasi ya mwaka 1642, kwa kalenda ya zamani ya Waingereza, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na kitoto chenyewe kilikuwa kidogo hata hakikutazamiwa kuishi. Alipofika miaka mitatu mama yake aliolewa kwingine, akaachwa kwa bibi. Walijaribu kumfanya mkulima, ikawa kazi bure. Mwaka 1661 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1665 tauni ikakifunga, akarudi kijijini, na huko ndiko alikoanza kuwaza kwa nini tofaa huanguka na mwezi hauanguki.

Zamani wengi waliamini kwamba kitu hakiendi kisiposukumwa. Newton alionyesha kuwa nguvu haihitajiki kudumisha mwendo, bali kuubadili. Mkokoteni ukishasukumwa ungekwenda moja kwa moja lau si msuguano wa magurudumu na barabara. Jiwe likiachiliwa, uvutano wa dunia huliongezea kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, kila sekunde ipitayo. Ongezeko hilo ndilo walimu huliita mchapuko, nalo ni lile lile kwa jiwe kubwa na dogo, hewa isipozuia.

Kitabu chake, Principia, kilitoka mwaka 1687, na nusura kisitoke. Royal Society ilikuwa imemaliza fedha zake kuchapa kitabu cha samaki, ambacho hakikupata wanunuzi! Aliyelipa gharama ni rafiki yake, Edmond Halley.

Humo Newton alieleza jambo linalotuhusu sisi. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta. Ikachelewa dakika mbili na nusu kila siku. Dunia huzunguka na imetuna kiunoni, alisema Newton, kwa hiyo huku Ikweta uvutano umepungua kidogo.

Alikuwa mtu mgumu, mwingi wa ugomvi, na hakuoa. Alifariki mwaka 1727, akazikwa Westminster Abbey.

Basi mizani ya springi iliyopimwa London, ikiletwa Nairobi bila kurekebishwa, itaonyesha pungufu ya gramu tatu hadi nne kwa kila kilo. Yaani anayepunjwa ni mwenye bucha. Sikumwambia yule bwana. Alikuwa amekwisha kuongezewa kipande cha mbavu, na zamu yangu imefika.