Livingstone: Mteja aliyekwama Kabambare huku bidhaa zake zikiuzwa Ujiji

Jina la David Livingstone likitajwa, wengi hukumbuka maporomoko ya Mosi-oa-Tunya au siku Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji. Kabambare haitajwi sana. Lakini katika mji huo wa kusini mwa Maniema, ambao yeye aliuandika Bambarre, Mskoti huyo alikaa miezi mingi akiwa mgonjwa na bila bidhaa, akingoja mzigo kutoka pwani ambao sehemu yake kubwa haikumfikia kamwe.

Alizaliwa Machi 19, 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kusokota pamba, akifanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza aliitumia kununua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baadaye alisomea udaktari Glasgow, akajiunga na Chama cha Misheni cha London na kufika Afrika Kusini mwaka 1841. Alimuoa Mary Moffat mwaka 1845, na kati ya 1854 na 1856 akavuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane. Safari yake ya Mto Zambezi, 1858 hadi 1864, ilienda vibaya na mkewe alifia huko mwaka 1862.

Safari yake ya mwisho ilianzia Zanzibar mwaka 1866. Alikuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, na alitaka pia kuiona biashara ya utumwa kwa macho yake.

Kwa msafiri wa wakati huo, fedha ya mfukoni haikuwa na kazi kubwa akishaondoka pwani. Chakula, mtumbwi, ruhusa ya kupita na ujira wa wapagazi vilinunuliwa kwa merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Nguo ilihesabiwa kwa jora na kwa doti, na doti moja ilikuwa yadi nne. Shanga zilikuwa na fasheni zake. Rangi iliyogombaniwa katika nchi moja ilikataliwa siku chache mbele, na mwenye mzigo wa shanga zisizotakiwa angeweza kulala njaa huku amezikalia. Ndiyo maana kila msafiri alipanga bidhaa zake zitangulie na kuwekwa ghalani njiani. Ghala la Livingstone lilikuwa Ujiji.

Alipofika Ujiji Machi 14, 1869 alikuwa hoi kwa homa ya mapafu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu Januari 1867, hivyo matumaini yake yote yalikuwa kwenye mzigo uliotumwa kutoka Zanzibar. Kati ya majora 80 ya nguo, kila moja la yadi 24, alikuta 18 tu. Mengine 62 yalikuwa yameibwa pamoja na sehemu kubwa ya shanga zake nzuri, na dawa zilikuwa zimeachwa nyuma Unyanyembe. Akaandika barua pwani kuagiza mzigo mwingine na watu wa kuaminika, kisha, badala ya kuusubiri, Julai mwaka huo akavuka Ziwa Tanganyika kuelekea Maniema.

Hakwenda peke yake. Aliongozana na mfanyabiashara Mohamad Bogharib, ambaye alikwishamsaidia alipougua. Wakati huo habari za Maniema zilikuwa zimewapanda kichwani wafanyabiashara wa pwani. Pembe za ndovu zilipatikana huko kwa bei ya kutupa, kwa kuwa wenyeji hawakuwa bado na wanunuzi wa kushindana. Bei nafuu ya namna hiyo haidumu. Wanunuzi walipozidi na pembe za karibu kupungua, waliofika kwa kuchelewa walizidi kutumia bunduki mahali pa shanga. Vijiji vilichomwa, mbuzi na watu wakachukuliwa. Livingstone aliyaandika hayo kwa uchungu, ingawa alikula chakula cha watu haohao na kupita chini ya ulinzi wao. Hali hiyo haikumwacha salama, na wanaomsimulia kama malaika huiruka.

Aliingia Kabambare Septemba 21, 1869. Novemba alielekea magharibi kutafuta mtumbwi wa kumshusha Mto Lualaba, lakini hakupata wa kumuuzia. Wanavijiji walikwishawaona wageni wenye bunduki, na mgeni anayetaka mtumbwi walimdhania kuwa anataka kuwavamia watu wa ng'ambo. Akarudi. Mwaka 1870 alijaribu tena kupitia kaskazini, mvua ikamzuia miezi kadhaa Mamohela, na watu wake wakamkimbia hadi wakabaki watatu: Abdullah Susi, James Chuma na Gardner. Vidonda vya miguu vikamrudisha Kabambare Julai 22, 1870.

Alikaa hapo karibu miezi saba. Kwa siku 80 hakuweza kutoka kibandani mwake. Karatasi zilipomwishia alitumia kurasa za magazeti ya zamani, akiandika juu ya maneno yaliyochapwa kwa wino aliojitengenezea kutokana na mimea. Wakati wake wa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Nje ya kibanda, watu wa msafara wa Bogharib walikwenda na kurudi na pembe. Yeye hakuwa na cha kununulia hata watu wa kumbeba.

Februari 4, 1871 wakafika watu 10 kutoka pwani, waliotumwa na Dk John Kirk wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar. Kipindupindu kilichoikumba Zanzibar kilikuwa kimechelewesha mambo. Watu hao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara Wabaniani, na waligoma mara moja wakidai wameajiriwa kumrudisha mzungu pwani, si kwenda naye mbele. Ilibidi Bogharib awatishe ndipo wakubali. Shehena yenyewe haikufika Kabambare. Kiongozi wao, Sherif, alikuwa amebaki nayo Ujiji.

Februari 16 Livingstone aliondoka na kidogo alichoandaliwa, na mwisho wa Machi akafika Nyangwe, kando ya Lualaba, kaskazini ya Kasongo. Hapo akalikuta soko ambalo huenda ndilo jambo lililompendeza kuliko yote Maniema.

Soko lilikaa kila siku ya nne. Alikadiria watu 3,000, wengi wao wanawake, wakitoka vijiji vya pande zote na wengine wakivuka mto kwa mitumbwi. Kulikuwa na samaki, mihogo, mafuta ya mawese, chumvi, pilipili, vyungu, mbuzi na nguruwe. Majogoo waliwika huku wananing'inia mabegani kichwa chini. Wanawake walipatana bei kwa vicheko na utani, na kudanganyana kidogo pia. Wengine walikuja wamechangamka na kuondoka wamenuna, kama sokoni popote. Chini ya vyombo vyao walikuwa na kikapu kirefu cha kuteremshia bidhaa ambayo muuzaji hakutaka ionekane, kwa hiyo mteja aliyeona kapu tupu hakuwa na hakika kama mali imekwisha au imefichwa. Wauza chuma walivuta ncha za vipande vyao zikawa nyembamba ili mnunuzi ajionee ubora kabla ya kubadilisha na vitambaa vya mwale. Mzozo ukizuka, watu waliokuwa karibu waliingilia na kuamua, na Livingstone alisifu haki iliyotendeka.

Aliona pia kwamba wanawake wa soko walipita salama hata kati ya vijiji vilivyokuwa vikipigana. Siku ya soko ilikuwa na amani yake.

Yeye mwenyewe, katika soko lililojaa kila kitu, alikosa kimoja tu. Miezi mitatu na zaidi alitafuta mtumbwi, na wenye mitumbwi walimpa ahadi tu. Alipofika tajiri Dugumbe bin Habib, Livingstone alimwahidi pauni 400 pamoja na bidhaa alizoamini ziko Ujiji, ili apewe watu wengine na mtumbwi. Alikuwa akiahidi mali ambayo hakuwahi kuiona.

Julai 15, 1871 joto lilikuwa kali na soko lilikuwa na watu wapatao 1,500. Watu watatu wa Dugumbe waliingia na bunduki. Mmoja akaanza kuvutana na muuzaji juu ya bei ya kuku, na kabla Livingstone hajafika mbali risasi zikalia. Kundi jingine likafyatua kutoka upande wa kijito yalikofungwa mashua ya wauzaji. Mitumbwi ilikwamana, watu wakajitupa mtoni, vichwa vikaonekana vikielekea kisiwa kilichokuwa mbali na kutoweka kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto vijiji viliendelea kuungua.

Siku tano baadaye aliondoka Nyangwe kwa miguu. Agosti 8 walishambuliwa msituni na wenyeji waliomdhania kuwa mmoja wa wauaji. Mikuki miwili ilimkosa kidogo, na nguo za akiba alizobaki nazo zikapotea katika purukushani. Akapita Kabambare tena na kuendelea, akijipa moyo kwamba Ujiji kuna yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga.

Alifika Oktoba 23, 1871. Sherif alikuwa ameuza vyote. Alieleza kwamba alipiga ramli kwa Kurani na kuona kuwa mwenye mali amekufa. Ghala lilikuwa limefunguliwa mchana kweupe, marafiki wa muuzaji wakabadilishana humo watumwa na pembe kwa doti 750 za nguo, na mwenye mali hakuachiwa hata yadi moja. Sherif alikuja kumpa mkono, Livingstone akakataa. Mfanyabiashara Said bin Majid alijitolea kuuza pembe zake ili amsaidie, naye akashukuru na kuomba angoje kwanza. Alikuwa na akiba ndogo aliyoiacha kwa Mohamad bin Saleh, ya kumpatia chakula kwa muda mfupi.

Stanley aliingia mjini siku chache baadaye na msafara wenye mabunda ya nguo, mabeseni na masufuria makubwa. Walipoachana karibu na Tabora, Machi 14, 1872, Livingstone alikuwa tena na bidhaa. Barua zake kuhusu Nyangwe zilifika London mwaka huohuo na kuamsha hasira, na Juni 5, 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Alifariki Mei 1, 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo, gome la mti na turubai, na kuanza safari ya kuelekea pwani. Walipokaribia Kasekera, mbele ya Tabora, walisikia kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipite. Wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua na kuirudisha nyuma kana kwamba inakwenda kuzikwa. Mwili wenyewe waliufunga upya ukawa na umbo la mtumba wa nguo, kama mitumba mingine ya biashara, nao ukapita.

Ulifika Bagamoyo Februari 1874. London walimtambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844, na Aprili 18 akazikwa Westminster Abbey.