Tom Mboya na Mizani ya Maendeleo
Thomas Joseph Mboya alizaliwa mwaka wa 1930 huko Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge alikofanya kazi babake. Alikuwa mkaguzi wa afya Nairobi kabla ya kuongoza vyama vya wafanyakazi.

Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alisimamia Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Waraka uliahidi usawa, ila ulielekeza mtaji penye rutuba, mvua na barabara, kwa tumaini kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Kaskazini kame ikasalia nyuma.

Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Pengo hilo ndilo ugatuzi wa Katiba ya 2010 ulikusudia kuliziba.