Andrew Foster, Mwalimu wa Viziwi

Andrew Foster alizaliwa mwaka wa 1925 huko Ensley, katika jimbo la Alabama, nchi ya Marekani. Baba yake alichimba makaa ya mawe, kama vile wanaume wengi wa Lubumbashi walivyochimba shaba. Andrew alisikia vizuri kama watoto wengine. Lakini alipokuwa na miaka 11, yeye na ndugu yake walishikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Walipona, ila masikio yao yalifungwa kabisa. Hawakusikia tena sauti ya mama yao, wala kengele, wala mvua juu ya paa.

Andrew alipelekwa katika shule ya viziwi weusi, maana siku zile huko Alabama watoto weusi hawakuruhusiwa kusoma pamoja na weupe. Alipokuwa mtu mzima alitamani kuingia Gallaudet, chuo kikubwa cha viziwi mjini Washington. Aliomba, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Akaomba tena, akakataliwa tena. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1951 alipokelewa, na mwaka wa 1954 akapata digrii, mtu mweusi wa kwanza kuipata katika chuo hicho.

Basi Andrew angaliweza kukaa kwao na kutafuta kazi nzuri. Lakini alisikitika kujua ya kuwa katika Afrika shule za viziwi zilikuwa chache mno. Wazazi wengine waliwaficha watoto wao viziwi nyumbani, wakidhani hawana akili. Mwaka wa 1957 alifika Accra, mji mkuu wa Ghana. Hakuwa na nyumba ya shule. Akaazima madarasa ya wengine, akafundisha saa ambazo wenyewe wamekwisha kwenda zao.

Je, mtu asiyesikia humfundishaje asiyesikia? Kwa mikono. Maneno mengi yana ishara zake. Na neno lisilo na ishara, kama jina la mtu au la mji, huandikwa kwa vidole, herufi moja moja. Ukitaka kuandika B, nyosha vidole vinne pamoja kuelekea juu, ulaze kidole gumba juu ya kiganja. Ukitaka A, kunja vidole vinne kama ngumi, kidole gumba kikae ubavuni. Sasa fanya B, A, B, A. Umeandika baba bila kalamu wala sauti! Kwa jina Lubumbashi utafanya herufi 10.

Herufi za namna hiyo zilisafiri mbali. Zilichapwa katika kitabu nchini Hispania mwaka wa 1620. Baadaye Padre Charles-Michel de l'Épée alifungua shule ya viziwi mjini Paris, akafundisha kwa mikono. Mwaka wa 1817 kiziwi Mfaransa, Laurent Clerc, alisaidia kufungua shule nchini Marekani. Lakini mwaka wa 1880 walimu waliokutana Milano, Italia, waliamua viziwi wafundishwe kwa mdomo tu. Katika shule nyingi mtoto aliyesema kwa mikono aliadhibiwa. Foster hakufuata shauri hilo. Aliwapa watoto mikono yao.

Mwaka wa 1960 alifungua shule huko Ibadan, Nigeria. Huko aliwafundisha pia walimu kutoka nchi zinazosema Kifaransa, na wengi wao walikuwa viziwi. Katika maisha yake alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, na Kongo ni mojawapo. Mwaka wa 1987, ndege ndogo aliyopanda ilianguka nchini Rwanda, naye akafa. Lakini kazi yake haikufa. Mpaka leo viziwi wengi wa Kongo husema kwa ishara zilizotokana na mafundisho yake.

Mtoto mpendwa, ukikutana na mwenzako asiyesikia, usimcheke wala usimpigie kelele. Mwandikie jina lako kwa vidole. Atakujibu.

Maswali
1. Andrew alipoteza kusikia kwa sababu gani?
2. Kwa nini alikataliwa katika chuo?
3. Onyesha herufi A na B kwa mkono wako.