Askofu Steere na Hadithi za Unguja

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka wa 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye akasoma sheria kama baba yake. Lakini kazi ile haikumtuliza moyo, akaiacha, akawa padre. Rafiki yake, William Tozer, alipowekwa kuwa askofu wa misheni katika Afrika mwaka wa 1863, Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu. Hakujua kwamba kaburi lake litachimbwa huko.

Mwaka wa 1864 wakafika Unguja. Siku zile soko la watumwa lilikuwa wazi bado. Watu walitekwa bara, wengi wao katika nchi za Ziwa Nyasa, ambalo si mbali sana na Mbebe, wakapelekwa pwani kwa miguu hali wamefungwa, kisha wakavushwa bahari. Wengine waliokolewa katika majahazi, na watoto miongoni mwao wakakabidhiwa misheni walelewe. Kila mtoto alikuja na lugha ya kwao, hata wakawa hawasikilizani. Lugha iliyoweza kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili, na Steere mwenyewe hakukijua.

Afanyeje? Vitabu vya kujifunzia vilikuwa vichache mno. Basi mtu mzima yule, aliyekwisha kupata elimu nyingi kwao, akawa mwanafunzi tena. Akaketi na wenyeji wa Unguja, akawaomba wamsimulie hadithi zao, naye akaandika neno kwa neno kama walivyonena. Njia hiyo ilikuwa ya akili. Mtu akiulizwa neno moja moja huchoka upesi, bali akisimulia hadithi hujisahau, akanena kama anavyonena nyumbani kwake.

Katika hadithi alizoandika mna kisa cha kima na papa. Kima alikaa juu ya mti mkubwa ulioinama baharini, akawa akimtupia papa matunda. Siku moja papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika katikati ya bahari, papa akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Alimjibu kwamba ni bahati mbaya, kwa kuwa kima wote huacha mioyo yao mitini wakienda safari. Afadhali warudi wakauchukue. Papa akasadiki, akamrudisha! Kima akapanda mtini, akanyamaza kimya. Papa alipomwita, kima akamwuliza kama amemdhania kuwa punda wa dobi.

Punda huyo alidanganywa na sungura aende kwa simba. Mara ya kwanza alirukiwa akaponea chupuchupu. Akadanganywa tena, akaenda tena, akauawa. Simba akamwagiza sungura ailete nyama, lakini sungura alikuwa amekwisha kula moyo na masikio. Simba alipoviuliza, akajibiwa kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, maana kama angekuwa navyo, asingalirudi mara ya pili. Kisa hiki ni cha kale sana. Kilitoka Bara Hindi, kikapita kwa Waajemi na Waarabu, hata kikafika Unguja na kuvaa nguo za Kiswahili.

Mna pia hadithi ya mwalimu Goso, aliyeangukiwa na buyu akafa alipokuwa akifundisha chini ya mti. Wanafunzi wake wakamtafuta mwuaji. Wakaushika upepo wa kusi, kwa kuwa upepo ndio uangushao mabuyu. Upepo ukasema kama ungekuwa na nguvu, usingezuiwa na kiambaza. Wakakiendea kiambaza, nacho kikasema hutobolewa na panya. Panya naye akamtaja paka, na paka akaitaja kamba, na hivyo hivyo mpaka wakamfikia paa, ambaye ndiye aliyepanda kuyaiba mabuyu. Hadithi hii husomwa kwa sauti, kwani orodha huzidi kuwa ndefu, na wasikilizaji huanza kuitaja pamoja na msomaji huku wakicheka.

Mwaka wa 1870 Steere alizichapisha hadithi hizo katika kitabu huko London, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza. Siku zile watu wengi wa Ulaya walidhani kwamba Waafrika hawana elimu wala akili ya kutunga. Kitabu kile kikawaonyesha mzaha na hekima ya watu wa Unguja kwa maneno yao wenyewe. Mwaka ule ule alitoa na kitabu cha kufundishia Kiswahili. Na alipolitafsiri Agano Jipya, masikio yake yalikuwa yamekwisha kuzoea jinsi watu wanavyonena.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka wa 1873, na mahali pale pakaanza kujengwa kanisa kubwa. Mwaka wa 1874 Steere akawekwa kuwa askofu, naye akalisimamia jengo lile mwenyewe. Husimuliwa kwamba safari moja alipokuwa hayupo, mafundi walisimika nguzo kadhaa kichwa chini miguu juu. Nazo zipo vivyo hivyo mpaka leo. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879. Askofu Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya altare.

Wazee waliomsimulia walikufa zamani, na sauti zao hazisikiki tena. Lakini kima angali anamdanganya papa, na wanafunzi wa Goso wangali wanamtafuta mwuaji, kwa sababu mtu mmoja aliketi akasikiliza, akaandika. Hata huku kwetu milimani, mbali na bahari, bibi na babu wanazo hadithi ambazo hazijaandikwa na mtu. Ewe mwanafunzi, unajua kusoma na kuandika. Jioni ya leo kaa nao, sikiliza mpaka mwisho, kisha chukua kalamu.