Selman Waksman, Mtu Aliyetafuta Dawa Udongoni

Unaijua ile harufu ya udongo mvua inapoanza kunyesha baada ya kiangazi? Harufu hiyo hutokana zaidi na bakteria wanaoitwa Streptomyces. Leo tunakusimulia maisha ya mtu aliyewachunguza kwa miaka mingi.

Selman Waksman alizaliwa Ukraine mwaka 1888. Mwaka 1910 alihamia Marekani, akaanza maisha ugenini akiwa kijana, kama wengi wa wazazi wetu. Alisomea kilimo katika chuo cha Rutgers, New Jersey, na baadaye akawa mwalimu hapo hapo. Alijua kwamba vijidudu vingi vya magonjwa vikiingia udongoni havidumu. Akawaza: ikiwa bakteria wa udongo wana silaha ya kuviua, kwa nini silaha hiyo isiwe dawa yetu?

Jibu kubwa lilipatikana mwaka 1943. Mwanafunzi wake Albert Schatz, mwenye miaka 23, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chini ya jengo. Huko alipata Streptomyces anayetoa streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kupambana na kifua kikuu. Wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kupona.

Lakini sifa zilimwendea mwalimu. Mwaka 1950 Schatz alikwenda mahakamani, na kesi ikaisha kwa mapatano: akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake. Waksman alifariki mwaka 1973.

Kazi yao inaendelea, na sasa imefika kwenye miti ya dawa. Nchini India, watafiti wamekuta Streptomyces wakiishi ndani ya mizizi, mashina na majani ya mwarobaini. Katika maabara, baadhi yao walizuia vijidudu vya magonjwa kukua. Hiyo bado si dawa ya hospitali, kwa hiyo ukiumwa, nenda kwa daktari.

Mwarobaini bibi zetu waliujua kabla ya maabara hizo. Basi siku dawa mpya itakapopatikana humo, nani atatajwa? Wikiendi hii mpigie simu bibi au babu, umuulize alitumia mti gani na nani alimfundisha. Andika majina yote mawili daftarini, la mti na la mwalimu wake, kisha ulete darasani.